Sailensi ya Pikipiki ya Kabureta: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Pikipiki ya kabureta inapokosa sailensi (mngurumo wa taratibu injini ikiwa haijavutwa mafuta), yaani inapotetemeka, kupanda na kushuka au kuzimika mara tu dereva anapoachia mafuta, kitu cha kwanza kinachoguswa katika vijiwe vingi vya Mtwara na Lindi ni skrubu ya kabureta. Bisibisi inatolewa, skrubu inazungushwa, mngurumo unapanda, na mwenye chombo anaondoka akiamini kazi imekwisha. Baada ya siku chache tatizo linarudi, tena likiwa limeongezeka ulaji wa mafuta. Mwongozo huu unakwenda kinyume na mazoea hayo: skrubu zinaguswa mwisho kabisa, baada ya mafuta, hewa, moto (cheche ya plagi), tapeti (skrubu zinazopima nafasi ya vali) na maungio ya kabureta kukaguliwa moja baada ya jingine, kwa sababu skrubu iliyogeuzwa mapema huficha ugonjwa na kumvuruga hata fundi mzuri atakayeletewa chombo hicho baadaye.

Maelezo yanahusu hasa pikipiki za silinda moja za stroku nne, kuanzia sisi (cc) 100 hadi 150. Mfano mkuu ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970, pamoja na pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata injini yake, ambazo ndizo zilizojaa katika barabara za Newala, Tandahimba, Ruangwa na Nachingwea. Mwenye Boxer au TVS ya kabureta naye anaweza kuufuata, ila vipimo vya tapeti avichukue kwenye kitabu cha pikipiki yake. Stroku mbili za zamani, zile Yamaha walizopewa mabwana shamba, zina mambo yao ya ziada ambayo nitayagusa kwa sentensi chache tu.

Kwa nini sailensi ndiyo huharibika kwanza

Injini inapokuwa kwenye sailensi, slaidi ya kabureta, kile kipande cha duara kinachopanda unapovuta mafuta, inakuwa imeshuka karibu kabisa. Jeti kubwa haifanyi kazi. Mafuta yote yanayoiweka injini hai yanapita kwenye jeti ndogo, ambayo tundu lake halifiki hata nusu milimita, kisha yanatokea kwenye kitundu kidogo karibu na ukingo wa slaidi upande wa injini. Hewa nayo inayoingia ni kidogo sana. Katika mizunguko 1,400 kwa dakika, ambayo ndiyo sailensi ya kawaida ya CG125, silinda inawaka kama mara 12 kila sekunde, na kila mwako unategemea kipimo hicho kidogo cha mafuta na hewa.

Ndiyo maana chembe ya kutu, tone la maji au ufa usioonekana kwa macho unatosha kuiangusha sailensi wakati pikipiki hiyo hiyo inakimbia vizuri ukiwa barabarani. Mtu akikuambia kwamba kabureta haina tatizo kwa kuwa chombo kinavuta mlima bila shida, jua kwamba anazungumzia jeti kubwa, na jeti kubwa haihusiki hapa.

Isikilize kabla ya kuifungua

Chukua muda wa kuiwasha ikiwa baridi, asubuhi, kabla haijatumika, na uangalie mambo machache. Je, inatulia ukivuta choki na kuzimika ukiirudisha, hata baada ya kupata joto? Hiyo ni dalili kwamba mafuta hayatoshi au hewa imezidi, kwa hiyo washukiwa ni jeti ndogo iliyoziba au hewa inayovutwa pembeni. Je, inatoa moshi mweusi, inanuka petroli, na inazidi kukosea kila inapopata moto? Hapo mafuta yamezidi: choki imekwama, boya la kabureta linaacha mafuta yafurike, au chujio la hewa limeziba. Je, ukipiga resi na kuachia, mngurumo unabaki juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kushuka? Mara nyingi hiyo ni hewa ya pembeni. Kama inatulia vizuri ikiwa baridi na kuzimika ikipata moto tu, weka akilini koili, inayotoa moto wa plagi, na tapeti zilizobana.

Jaribio jingine halihitaji chombo chochote. Injini ikiwa inanguruma, geuza usukani kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Sailensi ikipanda upande mmoja, waya wa mafuta umebana au umepitishwa vibaya chini ya tangi, na hakuna kabureta itakayosafishwa ikaondoa kosa hilo. Mkono wa mafuta unatakiwa kuwa na ulegevu wa milimita 2 hadi 6 kabla haujaanza kuinua slaidi.

Hesabu pia mahali ilipo skrubu ya sailensi, ile kubwa yenye springi inayoinua slaidi. Ukikuta imefungwa ndani sana na injini bado inahangaika, karibu umepata jibu: njia ya jeti ndogo imeziba, na mtu aliyetangulia aliinua slaidi ili injini inywe kupitia njia kubwa.

Mafuta: anza na chupa

Fanya kazi hii mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na pikipiki nyingine inayonguruma. Funga koki ya mafuta, weka chupa safi ya plastiki inayoonyesha chini ya kabureta, na ulegeze skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la kabureta. Acha mafuta yote yatoke, kisha iweke chupa juu ya kitu tambarare na uitazame baada ya dakika moja.

Maji hukaa chini. Utaona mstari uliochorwa wazi, petroli juu na, chini yake, tabaka linalocheza kivyake ukiinamisha chupa, au pengine matone ya mviringo yanayobingirika bila kuchanganyika. Mara nyingine chini kuna unga wa kahawia unaotokana na kutu ya tangi. Katika mwambao wetu hali hii si ya ajabu, kwa sababu pikipiki iliyolala na nusu tangi kuanzia Desemba hadi mvua zinapokatika huvuta unyevu, unyevu unaganda kwenye ukuta wa ndani wa tangi, na maji yanashuka hadi kwenye bakuli ambako jeti ndogo inayanywa. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara vijijini nayo ina mambo yake. Ukiitilia shaka kwamba imechanganywa na mafuta ya taa, dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka upesi na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa, na mafuta ya taa yanabakiza doa la mafuta linalokawia.

Ukikuta maji au kutu, mwaga tangi lote, chomoa koki na usafishe chujio lake. Kutokusafisha tangi na kuingia moja kwa moja kwenye kabureta ni kazi ya kurudiwa wiki ijayo. Weka na chujio dogo la plastiki kwenye mpira wa mafuta, lakini lile lenye karatasi nzito sana halifai, kwa kuwa katika pikipiki hizi mafuta hushuka kwa uzito wake tu.

Kisha chomoa mpira upande wa kabureta na ufungue koki. Mafuta yanatakiwa kutiririka bila kukatika. Yakianza vizuri na kupungua polepole, fungua mfuniko wa tangi. Yakirudi kwa nguvu, kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba, kwa kawaida kwa udongo na jasho la mikono, na kukisafisha ni kazi ya dakika mbili.

Chujio la hewa, hasa wakati wa salfa

Anayeishi katika nchi ya korosho asisahau msimu wa kupulizia mikorosho. Kuanzia Juni hivi, mikorosho inapotoa machipukizi na maua, salfa ya unga hupulizwa kuzuia ubwiri unga, na unga ule wa njano unaruka kuliko vumbi la kawaida. Pikipiki inayobeba mifuko ya salfa au kuegeshwa shambani huivuta hadi ndani ya sanduku la hewa. Ukiongeza mchanga laini wa njia za uwanda wa Makonde, ambako pikipiki hupakia madumu ya maji na kusaga gia ya kwanza kwa mwendo mrefu, chujio linaweza kuziba muda mfupi baada ya kusafishwa.

Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, likaushwe kivulini, kisha litiwe oili kidogo na kukamuliwa tena hadi libaki na unyevunyevu tu. Kuliosha kwa petroli kunalifanya sponji ligeuke kuwa makombo kabla ya wakati wake. Chujio la karatasi lisioshwe. Lipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na likiwa limeloa oili au limegeuka rangi kabisa, libadilishwe. Kuendesha bila chujio, kama wafanyavyo wanaotaka pikipiki ipige kelele, kunabadilisha kipimo cha hewa na kuingiza mchanga kwenye silinda, na mwenye chombo hicho atakutana na sehemu ya mwisho ya mwongozo huu mapema kuliko anavyodhani.

Plagi na njia ya moto

Chomoa plagi baada ya injini kunguruma kwenye sailensi kwa dakika chache, si baada ya safari ndefu, kwa maana tunachotaka kusoma ni hali ya sailensi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi yanaonyesha mafuta mengi au moto dhaifu. Weupe kama chokaa unaonyesha mafuta machache. Weusi wenye utelezi wa oili unaelekeza kwenye ringi au sili za vali.

Katika CG125 plagi inayotumika sana ni NGK D8EA au inayolingana nayo, na nafasi kati ya ncha mbili ni milimita 0.6 hadi 0.7. Nafasi iliyopanuka kwa uchakavu huufanya moto ukose nguvu ya kuruka kwenye mwako mdogo wa sailensi hata kama kwa kasi inaruka. Kwa bei ya plagi, naona si busara kuihangaikia iliyochakaa: badilisha, na ile ya zamani ibaki kwenye kisanduku kama akiba.

Kupima moto, ivishe kofia plagi uliyoichomoa, igusishe chuma chake kwenye injini mbali na tundu lake, ondoa kabisa mvuke wa petroli uliopo karibu kwa kuacha hewa ipite, kisha piga kiki. Cheche iwe ya buluu na ya kusikika. Ikiwa ya njano na nyembamba, usikimbilie kununua koili. Ivue kofia ya plagi kwenye waya wake, na hapo ndipo mtu wa Mikindani, Shangani au Kilwa Masoko atakapoona kazi ya hewa ya chumvi: nyuzi za shaba zimegeuka kijani, zinakatika ukizigusa kwa ukucha, na ndani ya kofia skrubu ndogo imevaa unga wa kijani vilevile. Kata waya milimita 5 hadi 10 hadi upate shaba ing'aayo, safisha skrubu, na uizungushe kofia upya hadi ishike. Fungua pia bolti ya koili inapogusa fremu, kwangua rangi na kutu, ufunge tena. Pikipiki ikizimikazimika zaidi siku ya mvua au baada ya kuoshwa, sehemu hizi mbili ndizo za kutazama. Usiku, katika giza, waya unaovuja moto unaonekana wenyewe kwa mng'ao mdogo pembeni.

Pikipiki za zamani zaidi zenye platini (swichi ya chuma inayokata umeme wa moto) badala ya CDI (kisanduku cha umeme kinachofanya kazi hiyo) zina kazi moja ya ziada: uso wa platini usafishwe kwa msasa laini na nafasi yake iwekwe milimita 0.3 hadi 0.4 inapofunguka zaidi.

Tapeti

Hatua hii inarukwa na wengi kwa sababu ya kelele. Tapeti iliyolegea inagonga na kila mtu anaisikia, kwa hiyo inabanwa. Tapeti iliyobana haipigi kelele, na mwenye pikipiki anafurahia ukimya ule ilhali vali haifungi kabisa, mgandamizo unavuja, na sailensi inakufa injini ikipata moto. Kama injini yako imekuwa kimya kuliko zamani na wakati huohuo inazimika, anza na hapa.

Injini iwe baridi kabisa, yaani iliyolala usiku kucha. Chomoa plagi ili izunguke kwa wepesi. Fungua kifuniko cha juu cha silinda hedi na kifuniko cha magineti upande wa kushoto, au vifuniko vidogo vya duara kama pikipiki yako inavyo. Zungusha injini taratibu kuelekea mbele. Ukiweka gia ya juu, unaweza kuizungusha kwa tairi la nyuma lililoinuliwa. Fuatilia alama ya T kwenye magineti hadi ilingane na alama ya kwenye kizimba. Hapo pistoni iko juu, lakini kuna mara mbili ambapo inafika juu, na tunaitaka ile ya mgandamizo: shika roka zote mbili, zile zinazosukuma vali, kwa vidole, na zote ziwe na mchezo mdogo. Moja ikiwa imebana, zungusha mzunguko mmoja kamili hadi T irudi.

Ingiza fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.08 kati ya skrubu ya tapeti na ncha ya vali, kwa CG125 vali zote mbili ni kipimo hicho. Inatakiwa ipite ikikwaruza kidogo. Isipopita, legeza nati ya kufungia, rudisha skrubu, kisha ishikilie skrubu isigeuke wakati unakaza nati. Pima tena baada ya kukaza, maana nati karibu kila mara huvuta skrubu pamoja nayo. Kukisia kwa kipande cha pakiti ya sigara, ambako bado kunafanyika, si kipimo. Fila inauzwa katika maduka ya spea na inadumu miaka.

Hewa inayovutwa pembeni

Kati ya kabureta na silinda hedi kuna shingo ya manifodi, kipande cheusi cha kuzuia joto na oringi moja au mbili. Hewa ikiingia hapa haipiti kwenye kabureta, kwa hiyo haichukui mafuta, na kwa kuwa kwenye sailensi mvuto wa injini ni mkubwa na hewa halali ni ndogo, kiasi hicho cha wizi kinatosha kuvuruga kila kitu.

Wengine hupima kwa kumwagia petroli kwenye maungio. Sikushauri: ekzosi ipo sentimita chache mbele yake. Tumia chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni kidogo. Injini ikiwa inanguruma, nyunyiza kwa uchache upande mmoja wa maungio, subiri, kisha upande mwingine, ukijihadhari maji yasifike kwenye plagi. Mahali ambapo mngurumo unabadilika ghafla, ukashuka au ukatulia kwa sekunde moja kisha ukarudi, ndipo panapovuta. Pima maungio yote, pamoja na mpira wa manifodi, ambao nyufa zake zinajificha upande wa chini na kuonekana tu ukiukunja.

Kosa la kawaida ninaloliona katika pikipiki hizi ni uso wa kabureta uliopinda. Bolti mbili zinazoishika kwenye manifodi hukazwa kwa nguvu zote na mtu anayetaka kuzuia hewa, masikio ya kabureta yanavutwa nyuma, na katikati panabaki mwanya ambao kila anapokaza unaongezeka. Weka uso huo juu ya kipande cha kioo bapa na uutikise. Ukicheza, tandika msasa wa namba 400 juu ya kioo, tia maji, na uusugue uso huo kwa mzunguko wa umbo la nane bila kukandamiza hadi rangi iwe moja pande zote. Safisha unga wote, weka oringi mpya yenye unene uleule, na kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, kwa spana fupi. Silikoni haifai hapa. Petroli inailainisha na vipande vyake vinaingia ndani.

Ukiwa hapohapo, gusa na maungio ya ekzosi kwenye silinda hedi. Gasketi iliyoungua huleta milipuko midogo unapoachia mafuta, na masizi meusi yaliyosambaa kuzunguka shingo ya ekzosi yanaonyesha panapovuja.

Kuvua na kusafisha kabureta

Kama yote yaliyotangulia yako sawa, sasa kabureta itoke. Kabla ya hapo, funga skrubu ya mchanganyiko, ile ndogo inayorekebisha mafuta au hewa ya sailensi, polepole hadi iguse mwisho kwa wepesi, ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu hiyo. Usiibane: ncha yake ni nyembamba, ikikandamizwa inaacha mtaro na shimo la kabureta linapanuka, na hapo hakuna marekebisho yatakayoshika tena. Kisha izungushe kuitoa kabisa, ukizingatia kwamba nyuma yake kuna springi, washa ndogo na oringi ndogo mno. Oringi hiyo mara nyingi inabaki ndani ya shimo na kutupwa na upepo wa kompresa bila mtu kujua. Itafute.

Fanya kazi juu ya beseni jeupe au kitambaa cheupe. Fungua bakuli, vuta pini ya boya, toa boya na sindano yake. Toa jeti kubwa na jeti ndogo kwa bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfereji wake, kwa sababu shaba hulika upesi na jeti iliyolika mfereji inageuka kazi ya siku nzima.

Jeti ndogo iinue kuelekea mwanga. Usipoona nukta ya duara iliyo wazi, imeziba, na ukiona nukta yenye ukingo usio sawa, imeziba nusu, hali inayodanganya kuliko kuziba kabisa. Petroli iliyokauka huacha gundi ya rangi ya asali. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta au, ikikosekana, petroli safi, kisha ipulize kwa upepo. Kuchokoa kwa waya wa chuma au waya wa breki kunapanua tundu, na jeti iliyopanuliwa itakulia mafuta siku zote. Kwa watu wa pwani suluhisho lipo karibu: kipande cha mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia hupita kwenye tundu bila kukwaruza shaba.

Jeti ikiwa safi, kazi haijaisha. Njia zilizomo ndani ya mwili wa kabureta ndizo zinazosahauliwa. Pulizia dawa kwenye shimo la jeti ndogo na utazame inapotokea: itoke kwenye shimo la skrubu ya mchanganyiko, na ukiliziba hilo kwa kidole, itoke kwa mstari mwembamba kwenye vitundu vilivyo sakafuni mwa koo la kabureta, karibu na slaidi. Fanya vivyo hivyo kutoka kwenye tundu dogo la hewa lililo mdomoni upande wa chujio. Linda macho, dawa ile hutokea upande usioutarajia. Njia moja isipotoa, loweka usiku kucha na urudie.

Sindano ya boya ina ncha ya mpira au ya chuma. Mstari wa duara uliochimbika kwenye ncha unamaanisha kwamba haifungi tena, mafuta yanapanda kupita kiasi, na injini inalewa. Irudishe pamoja na boya, pindua kabureta chini juu, na pulizia kwa mdomo kwenye bomba la kuingizia mafuta. Hewa isipite hata kidogo. Ukiigeuza kabureta upande na ulimi wa boya ukawa umegusa sindano bila kuikandamiza, boya liwe sambamba na uso wa bakuli au kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu. Litikise pia boya karibu na sikio. Likiwa na petroli ndani, limetoboka.

Angalia bomba la choki kama linarudi hadi mwisho, kisha funga kila kitu kwa mpangilio uliokitolea. Slaidi ina mfereji unaoingia kwenye kijino ndani ya kabureta, na mwanya wake uliokatwa chini uelekee upande wa chujio. Ikiwekwa kinyume injini itapiga resi yenyewe.

Sasa skrubu

Endesha pikipiki kwa dakika 10 ili injini ifikie joto la kazi, kwani sailensi iliyowekwa injini ikiwa baridi itakuwa juu mno baadaye. Simamisha kwa stendi ya katikati, choki ikiwa imerudi.

Ijue kwanza skrubu yako. Ikiwa upande wa chujio, inadhibiti hewa, na kuifunga kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inadhibiti mafuta, na kuifungua ndiko kunakoyaongeza. Ianzie mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipogusa mwisho wa shimo. Pandisha skrubu ya sailensi kidogo ili injini isizimike, kisha geuza skrubu ya mchanganyiko robo ya mzunguko kwa wakati, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara. Mngurumo utapanda, utafika kileleni, kisha utaanza kukosea. Rudi upande wa pili hadi ukosee tena. Kati ya pointi hizo mbili kuna mahali ambapo injini inanguruma haraka na kwa ulaini zaidi: iache hapo. Sasa shusha skrubu ya sailensi hadi mizunguko 1,400 hivi, na urudie marekebisho ya mchanganyiko mara moja zaidi, kwa kuwa moja inaathiri nyingine.

Asiye na kipimo cha mizunguko atumie masikio na taa. Injini isishuke kiasi cha kutetemesha vioo na kufifisha taa ya breki, wala isipande kiasi cha kugonga unapoingiza gia ya kwanza. Vuta mafuta ghafla na uachie: ikisita kabla ya kupanda, ongeza mafuta kwa robo ya mzunguko, ikipanda kwa moshi mweusi, punguza.

Ukikuta skrubu inafanya kazi tu ikiwa imefungwa kabisa au imefunguliwa zaidi ya mizunguko mitatu, rudi nyuma. Jeti, boya au maungio ya hewa bado yana kosa, na skrubu inakuambia hivyo waziwazi.

Ikibaki vilevile

Kwa stroku mbili, kama hewa haivujii kwenye manifodi lakini dalili za hewa zipo, mshukiwa ni sili za krankishafti, kazi inayohitaji karakana.

Kwa stroku nne, pima mgandamizo. Chomoa plagi, tia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu, irudishe, na upige kiki taratibu kwa mkono. Kiki ikiwa nzito kuliko awali, ringi na silinda zimechakaa, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyoendeshwa bila chujio kwenye mchanga. Isipobadilika na bado ni nyepesi, vali hazikai vizuri kwenye viti vyake na silinda hedi lazima ifunguliwe. Oili hiyo itatoa moshi mweupe kwa dakika chache ukiwasha, usiogope.

Mgandamizo ukiwa mzuri, kinachobaki ni umeme unaokatika injini ikipata joto: koili, pulsa (kinachoiambia CDI wakati wa kutoa moto) na CDI. Vitu hivi havitengenezeki, na muuza spea hapokei kilichokwisha kufungwa. Azima CDI ya mwenzako mwenye pikipiki ya aina ileile pale kijiweni, ifunge kwa nusu saa injini ikiwa moto, kisha koili yake, kimoja kimoja na si vyote kwa pamoja, na ununue kile tu ambacho sailensi ilitulia ulipokiweka.